Mikato Minne Mgongoni

Johannesburg,
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeketi, maana ukiisoma barua hii umesimama utaanguka. Goti lako la kulia linaendeleaje? Usinijibu kwamba ni baridi tu ya ziwa, kama unavyomjibu daktari. Mimi nipo, nakula, nalala, na baridi ya huku mwezi huu inauma mpaka kwenye meno. Afya ninayo. Na leo nina furaha mbaya, ile ambayo mtu hamsimulii mchungaji.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwanza, wewe kwenye simu humalizi dakika mbili bila kusema kredo inakwisha, hata kama aliyepiga ni mimi. Pili, simu yako unaipokea pale pale kwenye meza ya samaki, sauti juu, na wanawake wote wa Asembo Bay wanasikia. Haya ninayotaka kusema nataka uyasikie wewe kwanza, polepole, na miwani yako, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile mlichokubaliana wewe wa Port Victoria na Baba wa Asembo, kila mmoja na lugha yake, ili asiwepo wa kumcheka mwenzake. Tatu, kuna kitu nimekiviringisha ndani ya hilo bomba la karatasi ngumu lililokuja na barua. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua. Kirudishe.

Mama, nimempata Zablon.

Ndiye yule yule, Bwana Zablon mwenye duka la picha kule Milimani, Kisumu, aliyekuwa akimuuzia Baba chapa zake. Yule aliyekuja baada ya matanga na kilo mbili za sukari na pakiti ya unga, akaondoka na ubao wa Baba. Hakuja Johannesburg kunitafuta, alikuja kuuza. Na Mungu, ambaye wakati mwingine hukawia mpaka mtu anaacha kumngoja, akamleta hadi kwenye meza yangu ya kazi.

Wacha nianzie mbali kidogo, kwa sababu kuna mambo ya kazi hii ambayo Baba hakukueleza, na mengine alikueleza ukakataa kuyasikia.

Ubao unaukumbuka. Baba aliutoa kwenye boti kuukuu iliyokuwa ikioza ufukoni, mvule mtupu, mzito kama mtoto aliyelala. Alikuwa fundi wa boti kabla mwalimu mmoja wa sanaa hajamwonyesha kwamba ubao ukichongwa, ukapakwa wino kwa rola na kulazwa karatasi juu yake, karatasi inaondoka na picha. Basi akakuchonga wewe, umegeuza mgongo, karai la samaki kichwani, unalitazama ziwa. Picha akaiita "Karai." Ulipoonyeshwa nakala ya kwanza ulikasirika: "Okumu, mimi karai nalishika na mkono wa kulia. Hapa umenishikisha na wa kushoto!" Baba alicheka mpaka akakaa chini, maana alikuwa amesahau kwamba karatasi hugeuza kila kitu, kulia kuwa kushoto. Hakubadilisha. Alisema sasa angalau yupo mwanamke mmoja anayefanana na Perpetua na hana ubishi.

Mashine hakuwa nayo. Alisugua mgongo wa karatasi kwa mwiko wako wa ugali, huku wewe ukiutafuta mwiko huo nyumba nzima na maji yakikaukia kwenye sufuria. Alichapa arobaini. Chini ya kila moja akaandika kwa penseli ni ya ngapi kati ya arobaini, na jina lake. Wewe ukauliza swali ambalo kila mwenye akili na njaa angeuliza: "Kama ubao upo na wino upo, mbona usichape mia nne tujenge?" Akakujibu kwa lugha ya meza yako: "Siku ngege wamejaa ufukoni unauza bei gani? Na siku wameadimika je?" Hiyo ndiyo biashara nzima ya chapa, Mama. Karatasi ni karatasi tu. Anayenunua analipia ahadi kwamba ziko arobaini na hazitakuwa arobaini na moja.

Na ili ahadi isibaki mdomoni, sisi wa kazi hii tuna desturi. Toleo likiisha, mwenye ubao huchukua patasi akaukata uso wa ubao, toka upande mmoja hadi mwingine. Tunaita kuufunga ubao. Palipokatwa wino haushiki, kwa hiyo yeyote atakayejaribu kuuchapa tena, mstari mweupe utamsema. Halafu hutolewa nakala moja ya mwisho yenye hicho kidonda, iwe ushahidi kwamba ubao umefungwa na hesabu imekwisha.

Baba hakuufunga. Nilimwuliza, nikiwa nimeanza chuo Nairobi na kujifanya najua kila kitu. Alikuwa ameishika patasi, mkono unamtetemeka. Akasema, "Akoth, hata kama ni mke wa mbao, siwezi kumkata Perpetua mgongoni halafu jioni nikae naye tule." Bibi yake alimlea akijua kwamba sura ya mtu aliye hai haichezewi na kisu. Akairudisha patasi mkebeni. Mimi nilimcheka. Huo ndio mlango ambao Zablon alikuja kuupitia.

Sasa nafika mahali ambapo nimeandika mara tatu na kuchana.

Baba alipofariki, ubao tuliuegemeza kwenye jeneza pamoja na patasi zake, na kila mtu akapiga picha pale. Nikarudi chuoni. Likizo ilipofika nikaja moja kwa moja ufukoni, nikakukuta unakata samaki, na chini ya kisu chako kulikuwa na ubao wa Baba. Upande wenye picha. Magamba yamejaa kwenye karai, damu imetuama mgongoni. Uliniambia kwa upole, "Meza yangu ndugu za baba yako walibeba. Na kwa mbao laini kamongo anateleza, nitajikata. Hii ina mifereji, inamshika." Kilikuwa kitu cha maana kabisa. Lakini mimi nilikuwa msomi wa sanaa, siku hizo. Mbele ya wanawake wote, mbele ya wateja wako, nikapiga kelele maneno ambayo nitayaandika hapa kwa sababu ni yangu: "Umemuua Baba mara ya pili."

Ulipangusa kisu kwenye leso, ukaendelea kukata.

Siku mbili baadaye Zablon akaja. Alikuja pale pale mezani, suti yake na tabasamu lake, akasema ili kila mtu asikie: "Mama, pole. Lakini hii mbao imekwisha. Ona hizi alama. Hii sasa ni kuni tu. Wacha mimi nikae nayo dukani, angalau watu waone kazi ya marehemu, badala ya kunuka samaki hapa." Ulinitazama mimi. Nami nikasema, "Heri aichukue." Niliufunga ubao kwa leso yako ya manjano nikaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari lake, kama mtu anayeokoa mtoto. Akanipigapiga begani: "Wewe ndiye uko na akili kwa hii nyumba." Na nilifurahi, Mama. Miaka tisa sasa, pale ufukoni wanakuita mwanamke aliyekata kazi ya mumewe kama samaki. Jina hilo nilikupa mimi, Zablon akalipiga muhuri.

Basi. Karakana ninayofanyia kazi huku ni ya mama mmoja anayeitwa Thandeka, mtu wa maneno machache na macho makali. Mimi huchapa kazi za wasanii wengine. Umeme ukikatika, na huku nako hukatika, sisi hatuna habari, kwa sababu mashine yetu ni ya gurudumu la kuzungusha kwa mikono. Mabega yangu ungeyaona ungedhani navuta nyavu. Msimu huu wa baridi wanunuzi wa sanaa humiminika mjini, na wauzaji kutoka nchi nyingine hukodi chumba chetu cha mbele kuonyesha bidhaa zao.

Jumatatu Thandeka akaniita. "Akoth, kuna mzigo umetoka kwenu Kisumu. Mwenyewe anafika Jumatano. Kagua hali ya karatasi." Nikafungua. Karatasi ya kwanza ilikuwa wewe.

Karai lako, leso yako kiunoni, kisigino chako cha kushoto kilichopasuka ambacho Baba alikataa kukificha. Chini palikuwa na jina la Baba kwa penseli, limeigwa vizuri, na pembeni alama ya kusema hii ni nakala ya msanii. Hizo ni zile chache ambazo msanii hujiwekea nje ya hesabu ya toleo, mbili, tatu, nne akiwa na tamaa. Nikazihesabu hizi. Zilikuwa kumi na mbili. Kumi na mbili si nakala za msanii, huo ni ukoo! Baba alijiwekea moja tu, na wewe mwenyewe ulimlaza nayo kifuani kabla hatujafunga jeneza.

Na mgongoni, kwenye kila moja, mistari minne myeupe imeinama upande mmoja. Niliitambua kabla sijachukua lenzi. Karatasi ilikuwa imeigeuza, lakini mkono ulikuwa wako. Hivyo ndivyo unavyompasua mbuta, mara nne, kwa kuinamisha kisu, bila kurudia.

Mzigo ulikuja na maelezo, Mama, na hayo ndiyo yaliyonichemsha. Zablon si mjinga. Aliiona hiyo mistari. Akaipa jina. Kaandika kwamba hii ni "Karai Wakati wa Mvua", hali ya pili ya picha. Katika kazi yetu jambo hilo lipo: msanii anaweza kuurudia ubao wake, akaongeza kitu, akachapa upya, na ni halali, na bei hupanda. Kaandika kwamba msanii mwenyewe aliongeza mvua miaka miwili kabla ya kufariki. Mvua! Mimi nimeitwa Akoth kwa sababu nilizaliwa inanyesha na paa linavuja, umenisimulia mpaka nimechoka. Mvua naijua. Ile haikuwa mvua, ilikuwa samaki. Na kwa bei aliyoandika kwenye karatasi moja tu, ungenunua boti mpya na injini yake, na bado ungebaki na ya nyavu.

Ningeweza kumwambia Thandeka papo hapo. Zablon angepigiwa simu, angesema samahani, kuna makosa yamefanyika, angerudisha mzigo Kisumu na kwenda kuuza kwingine. Kimya kimya. Mimi sikutaka kimya kimya. Yeye hakukusema wewe kimya kimya.

Nikamwandikia Odhiambo anitumie picha zote za matanga ya Baba. Ndugu yangu alidhani nimeshikwa na ukiwa, akanitumia pamoja na mstari wa Zaburi. Nikazipitia moja moja mpaka nikaipata niliyoitaka: Zablon mwenyewe, suti ya kijivu, maikrofoni mkononi, anatoa rambirambi. Nyuma yake ubao umeegemea jeneza na jua limeupiga sawasawa. Mgongo wako mzima. Hauna mkato hata mmoja. Nikaikuza ikawa kubwa kama shuka la kitanda cha mtoto, nikaiviringisha, nikaificha nyuma ya kabati la wino. Halafu nikapiga pasi lile gauni langu la bluu. Nilikuwa na amani ya ajabu.

Jumatano akafika, amenenepa. Alikuja na ubao wenyewe ili wanunuzi wauone, na umefungwa, Mama, katika leso yako ile ile ya manjano. Alinitambua mara moja.

"Aaa! Si wewe ni nyar Okumu, binti yake? Akoth! Nyathina, mtoto wangu, kumbe uko huku! Mzee angejivunia sana."

"Karibu, Bwana Zablon," nikasema, na nikamtengenezea chai. Nikamtilia vijiko vinne vya sukari, nikimwambia moyoni: sukari yako uliyotuletea hiyo inakurudia.

Alipomaliza nusu kikombe akasogeza kiti. "Sasa nyathina, ni Mungu amekuweka hapa. Hawa matajiri wanapenda sana satifiketi. Wewe ni damu yake. Unaweka tu sahihi hapa, unasema hizi ni za mzee, na mimi sitakusahau. Hata mama anaweza kupata mabati mapya."

"Sahihi ya nini? Mimi nitasimama Ijumaa niseme kwa mdomo wangu. Watu humwamini mtoto kuliko karatasi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Unajua, siku zote nilisema. Wewe ndiye uko na akili kwa hiyo nyumba."

Maneno yale yale. Kama nilikuwa nimebakiwa na huruma ya kujaa kijiko, ilimwagika hapo.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Thandeka yote na kumwonyesha picha. "Usipige kelele," akasema. "Muulize tu."

Adhuhuri chumba kilijaa. Zablon alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake, ana ulimi. Aliwaonyesha ubao juu ya meza, akapitisha kidole kwenye zile alama: "Oneni mvua hii. Oneni mkono wa fundi aliyejua kwamba siku zake zinakwisha. Hii ni huzuni, mabibi na mabwana." Watu wakaitikia kwa pumzi. Mama mmoja alikuwa ameshalipia nakala yake. Kisha akaniita mbele, binti wa marehemu.

Nikasimama. "Bwana Zablon, kabla sijasema, nisaidie kidogo, maana mimi nilikuwa chuoni. Hii mvua Baba aliichonga lini?"

"Miaka miwili kabla atuache."

"Ulimwona?"

"Kwa haya macho. Nilikuwa nimekaa pale kwake Asembo."

"Na tangu hapo ubao haukuguswa?"

"Haukuguswa na mtu."

Mara tatu nilimfungulia mlango wa kutokea, mara tatu akaufunga mwenyewe. Nikaenda nyuma ya kabati nikaitoa ile picha, Thandeka akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaikunjua mbele ya watu wote.

"Huyu mwenye suti ni nani?"

Unajua alichofanya kwanza? Alitabasamu. Alijiona amependeza. Halafu macho yake yakapita begani mwake mwenyewe pale pichani, yakafika kwenye ubao, na tabasamu likabaki limening'inia halina mwenyewe. Nilitaka niuone uso ule, na nimeuona, na nitauona mpaka nizeeke.

"Siku hii Baba yumo ndani ya hilo sanduku," nikawaambia watu. "Mvua iko wapi?"

Nikachukua sindano, nikaichokonoa ndani ya mkato wa tatu, ule ulioingia sana, nikatoa kitu kidogo cheusi kwa wino, nikakifuta na kukiweka kwenye karatasi nyeupe. "Hili ni gamba la mbuta. Mvua ya kwetu haina magamba." Halafu nikawasimulia kuhusu meza yako iliyobebwa, na kamongo anayeteleza, na wewe. Sikuficha kitu. Hata nilichokutamkia nilikitamka tena pale.

Zablon alinisogelea, sauti chini. "Nyathina, tafadhali, usiniaibishe mbele ya watu. Twende nje tuongee kama watu wa nyumbani."

Nikamjibu kwa sauti ya kumfikia wa mwisho: "Mama yangu uliongea naye mbele ya wateja wake. Mimi naongea na wewe mbele ya wako."

Yule mama aliyelipia alitaka pesa zake na akapewa. Thandeka alimpa Zablon mambo mawili achague, polisi au kalamu. Akachagua kalamu. Aliandika kwamba ubao ni wa nyumba ya Okumu na kwamba zile kumi na mbili ni bandia, na Thandeka akazipiga muhuri mwekundu zote kumi na mbili huku mwenyewe akitazama. Jumamosi habari ilikuwa imefika Nairobi. Katika biashara hii mtu huishi kwa jina lake tu, na kwa jina lake sasa hakuna atakayenunua hata kalenda. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Huyu alijaribu kuongeza kumi na mbili.

Sijutii. Nakwambia ukweli, kisasi ni kitamu, wahubiri hawaisemi sehemu hiyo. Leo kanisani tulipofika "utusamehe kama sisi tunavyowasamehe", nilifunga mdomo nikawangoja wenzangu wapite, nikaungana nao kwenye majaribu.

Jana mchana nilibaki na ubao peke yangu. Mnunuzi mmoja alikuwa ameshaniuliza bei. Alisema sasa una hadithi, umepanda thamani. Thandeka naye akaniambia kwamba mimi kama mrithi naweza kuchapa toleo jipya, nikaeleza wazi kuwa limechapwa baada ya msanii kufariki, na hakuna wa kunilaumu. Niliwaza mabati. Niliwaza goti lako na hospitali nzuri. Lakini Baba alisema arobaini. Basi nikachukua patasi ili niufunge ubao, nifanye alichoshindwa. Nikaiweka ncha begani pako. Ndipo nikaona kwamba sina cha kufanya.

Ubao ulikwisha kufungwa, Mama. Mikato minne, toka upande mmoja hadi mwingine, mkono usiotetemeka. Kazi iliyomshinda Baba kwa mapenzi, wewe uliifanya ukitafuta chakula chetu na karo yangu. Kama ungenisikiliza mimi, kama ungeutia kwenye kioo na kuupangusa vumbi kila Jumapili, Zablon angetoa nakala safi, angeziuza zote, na dunia isingejua. Heshima yangu ingemuibia Baba. Kisu chako ndicho kilichomlinda. Na mimi nilikuita muuaji kwa sababu hiyo. Nisamehe. Sina maneno mazuri zaidi ya hilo, nimetafuta wiki nzima.

Nilichapa nakala moja tu, ile ya mwisho ya desturi. Sikutumia mashine. Nilinunua mwiko. Sasa fungua bomba. Chini, upande wa kulia, pale penye sahihi, nimeacha wazi. Penseli imo humo humo, usitumie kalamu ya wino. Andika Perpetua. Picha aliichonga Baba, lakini aliyeimaliza ni wewe.

Zablon atakuja kwako. Lazima, maana bila neno lako hata Kisumu hatauza tena. Atakuja na sukari. Ipokee, ni haki yetu. Ila, Mama, una moyo laini, nakuomba usimsamehe nyumbani, mlango umefungwa, chai mezani. Desemba nakuja na ubao. Sitauuza wala kuutundika, nitauweka mezani pako ukatie samaki. Na siku ya soko, wanawake wote wakiwepo, asimame mbele yako aseme kwa mdomo wake ni nani aliyeharibu kazi ya Okumu. Wewe usiache kukata mpaka amalize.

Nisalimie Odhiambo, na umwambie Zaburi yake ilifanya kazi, ingawa si ile aliyodhani. Nisalimie mama mdogo wa Port Victoria na omena wake, na wifi, mke wa Odhiambo, anayekupaka dawa ya goti. Mchungaji msalimie, lakini ile habari ya sala usimpe. Na wanawake wote wa mezani, hasa walioisikia ile siku, waambie Desemba wasikose hata mmoja.

Na Zablon akiharakisha, akitaka kusema na kuondoka kabla sijafika, mwambie foleni ina mtu mbele yake. Aliyesema kwanza pale ufukoni hakuwa yeye. Nitasimama pale pale niliposimama, nipaze sauti ile ile, niyarudishe maneno yangu yote. Nikimaliza, yeye afuate.

Ni mimi, binti yako niliyeubeba ubao mpaka kwenye gari,

Akoth